Rafu Mpya za Kabati la Chiriku

Kila asubuhi Chiriku alipigana na kabati lake. Alilifungua kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukizuia rundo la nguo lisimwangukie. Akichomoa sare ya shule kutoka chini, rundo lote lilimfuata hadi sakafuni. Kabati lenyewe lilikuwa kubwa, refu kama mlango, lakini ndani halikuwa na kitu ila fimbo moja ya kutundikia nguo.

"Soksi ya pili imehamia wapi tena?" alinung'unika.

"Iko nyuma ya begi lako," Tuli alimjibu taratibu, huku akifunga kamba za viatu.

Jibu hilo lilimkera Chiriku kuliko soksi yenyewe.

Tuli alikuwa mtoto wa mama yake mdogo. Alikuwa amekuja kukaa nao tangu mwanzo wa muhula, mama yake alipokwenda kusomea uuguzi mji mwingine. Nyumbani walimwita Tuli kwa sababu ya utulivu wake, kama vile mwenzake alivyoitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Walikuwa na umri mmoja, darasa moja, na sasa chumba kimoja.

Baba yake Chiriku alikuwa dereva wa lori. Kila aliposafiri, Chiriku alimwekea habari: nani kapigana na nani shuleni, paka wa jirani kazaa wapi, mwalimu wa hesabu kasema nini. Akirudi, walikaa barazani na habari zote zikamwagwa. Wiki hiyo lori lilikuwa gereji, na Baba angekuwa nyumbani siku kadhaa. Chiriku alitoka shuleni mbio akiwa na habari za mwezi mzima.

Alimkuta Baba uani kati ya mbao, msumeno na msasa.

"Baba, shikamoo. Hujui kilichotokea shuleni. Yule mwalimu—"

"Marahaba, mwanangu. Ngoja kidogo, nikipotea kwenye kipimo hiki nimekwisha." Penseli ilikuwa nyuma ya sikio lake. "Natengeneza rafu za kabati lenu. Mbao hizi mbili nazifunga ndani, moja kila ubavu. Nitazitoboa matundu, na kwenye matundu mtachomeka vijiti. Rafu inalala juu ya vijiti. Mkitaka kuipandisha au kuishusha, mnahamisha vijiti tu. Leo mnaweka viatu, kesho vitabu, mkirefuka mnapanga upya."

Kabati lenu. Neno hilo halikumpendeza Chiriku. Mpaka juzi lilikuwa lake.

Tuli alifika nyuma yake, akaweka begi chini na kushika ncha ya ubao bila kuambiwa. Baba akampa utepe wa kupimia. Alipima, akaandika alama, akapima tena.

"Tazama mkono huu," Baba alisema. "Hautetemeki hata kidogo. Tuli, wewe ungenifaa gereji."

Chiriku alichukua kipande cha msasa akaanza kusugua ubao wa rafu. Alisugua kwa nguvu mpaka vumbi likampanda puani. Hakuna aliyesema mkono wake ukoje. Alijaribu tena habari ya mwalimu wa hesabu, lakini Baba alikuwa akimwonyesha Tuli namna ya kushika keekee ya kutobolea mbao, na aliitikia "ehee" mahali ambapo alipaswa kucheka. Kwenye meza ya chakula ikawa Tuli hivi, Tuli vile. Chiriku alisukuma sahani yake, akasema ameshiba.

Siku iliyofuata Tuli alimaliza kuweka alama kwenye mbao zote mbili. Baba akaenda dukani kununua skrubu, na Mama akamwita Tuli jikoni. Chiriku akabaki uani peke yake.

Hakuwa amepanga lolote. Aliziangalia alama zile, safi, zimejipanga kama wanafunzi mstarini, na kijiba cha roho kikamchoma. Alitoa kifutio mfukoni. Kwenye ubao wa pili alifuta alama moja akaipandisha kidogo, nyingine akaishusha, upana wa kidole tu. Kisha akarudi kwenye msasa wake.

Baba alirudi na kutoboa haraka, maana jua lilikuwa linashuka. Macho yake yalikuwa kwenye keekee, alama aliziamini. Wakazifunga mbao ndani ya kabati, wakachomeka vijiti, wakalaza rafu ya kwanza.

Ikalala upande. Baba alihamisha vijiti juu, rafu ikainamia upande wa pili. Aliweka kopo la skrubu juu yake. Likateleza na kumwagika sakafuni.

Baba alikaa kitandani. Hakugomba, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ubao mzuri kama huu," alisema. "Tuli, ulipima mara mbili?"

Tuli aliinamia ule ubao, akapitisha kidole kwenye tundu moja. Kando yake palikuwa na kivuli hafifu cha alama iliyofutwa. Alimtazama Chiriku, mara moja tu.

"Labda nilikosea, Baba mkubwa," alisema. "Nisamehe."

Chiriku alikuwa ameingoja saa hiyo. Sasa ilikuwa imefika, na haikuwa na utamu wowote.

Walipobaki wawili, alifunga mlango. "Uliona. Mbona hukusema?"

Tuli alikuwa akiokota skrubu. "Nikisema, utanichukia zaidi. Na mimi hapa ndipo ninapokaa."

"Nani kasema nakuchukia?"

"Huniambii habari zako. Unamwambia kila mtu, hata paka wa jirani." Tuli alitaka kucheka, lakini sauti ikamgeuka. "Unaniona nimekuja kukuchukulia baba. Mimi kila siku nakuonea wivu wewe. Mama yako anakuamsha asubuhi. Wangu namsikia kwenye simu, na akikata nakaa kimya ili nisilie mbele yenu. Nguo zangu bado ziko kwenye begi chini ya kitanda. Sikutaka kugusa kabati lako mpaka uniambie."

Chiriku aligeuka akalitazama kabati. Kweli, hakuwahi kuona nguo hata moja ya Tuli ikining'inia kwenye ile fimbo, na hakuwahi kujiuliza kwa nini.

Alitoka hadi barazani. Baba alikuwa akipangusa msumeno.

"Baba, Tuli hakukosea. Ni mimi. Nilifuta alama zake."

Baba aliweka msumeno chini. "Kwa nini?"

"Nilitaka umwone hafai." Machozi yalimtangulia. "Nilikuwekea habari nyingi, na wewe hukusikiliza hata moja. Ulimsifu yeye tu."

Kisha Baba akamwita Tuli, akamwomba radhi kwa kumtilia shaka. Chiriku naye akaomba radhi, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake.

"Matundu hayakutokeza upande wa pili," Baba alisema. "Kesho tutaugeuza ubao na kuanza upya. Chiriku utapima, Tuli atahakiki. Mimi nitakuwa mtu wa kushika mbao tu."

Wakafanya hivyo. Chiriku alipima vibaya mara ya kwanza, akagundua kwamba kazi ile haikuwa rahisi kama alivyodhani. Tuli alimwonyesha namna ya kubana utepe kwa kidole gumba. Rafu ilipolazwa, kopo la skrubu lilitulia tuli, na Chiriku akasema limefuata jina la fundi. Hata Baba alicheka.

Halafu Baba aliwakalisha wote wawili.

"Kuona wivu si ajabu," alisema. "Hata mimi madereva wenzangu wakipewa malori mapya roho huniuma. Lakini, Chiriku, wivu wako ulipokupeleka kwenye kifutio, ulimuumiza mtu asiye na hatia na kuharibu kazi ya mikono yake. Ungeniambia tu, 'Baba, na mimi nipo.' Neno hilo lingetosha. Na wewe Tuli, usibebe kosa lisilo lako ili upendwe. Hapa ni kwenu. Anayesema ukweli nyumbani kwangu hafukuzwi, hata ukweli wenyewe ukiwa mchungu."

Alijipangusa vumbi la mbao magotini, akasogea katikati ili nafasi ipatikane pande zote mbili.

"Haya. Huyo mwalimu wa hesabu alifanya nini?"

Chiriku alivuta pumzi, kisha akamgeukia Tuli. "Anza wewe," alisema. "Ulikuwa umekaa karibu na dirisha, uliona vizuri kuliko mimi."