Kiapo cha Nguva

Asubuhi hiyo Seifu alikuwa amekaa barazani kwake, kule Jego, anashona jarife. Jarife ni wavu mkubwa wenye macho mapana, wa kunasia samaki wakubwa kama papa na taa. Mkewe, Mwanafatuma, alikuwa jikoni anachemsha muhogo. Binti yao, Muhsina, alikuwa ameshakwenda chuoni kusoma Kurani. Mambo yote yalikuwa kama kawaida, ila Seifu alikuwa akidunga sindano mahali pasipo tundu.

"Baba Muhsina, leo unashona hewa?" mkewe akamwuliza.

Seifu hakucheka. Akili yake ilikuwa kwenye baraza la chifu la jana, na baraza lenyewe lilikuwa limemvuruga vibaya.

Ilikuwa hivi. Ni mwaka ule wa mvua za Elnino, mvua zilipokwisha na barabara zikaanza kupitika. Chifu aliwaita watu shuleni. Hapo akasimama msichana mmoja aitwaye Wayua, afisa wa kulinda wanyama walio katika hatari ya kutoweka. Wayua ni Mkamba, lakini amezaliwa huku huku Kwale, kwenye shamba la wazazi wake upande wa Matuga. Akaamkia wakubwa kwa adabu, kisha akasema amekuja kwa ajili ya nguva. Akaeleza kwamba nguva si samaki. Ni mnyama wa baharini, hula nyasi, hupanda juu kuvuta pumzi na hunyonyesha. Huzaa mtoto mmoja tu, tena baada ya miaka mingi. Sasa wamebaki wachache mno, kwa hiyo unatengenezwa mpango wa kuwaongeza.

Mzee Shutu, ambaye masikio yake husikia nusu ya neno, akauliza kama siku hizi nguva naye anapelekwa kliniki. Maana mpango wanaoujua watu wa Jego ni mmoja tu, mpango wa uzazi, na huo ni wa kupunguza watoto. Huu wa kuongeza umetoka wapi? Watu wakaangua kicheko. Hata Wayua alicheka mpaka akajifuta machozi.

Kisha akabandika ramani ukutani, na kicheko kikakatika. Bahari yote ya mbele ya Jego ilikuwa imepakwa rangi nyekundu. Nyekundu, akasema, ni mahali ambapo hapatategwa wavu wa aina yoyote.

"Lakini hii si amri," Wayua akaongeza. "Mpango huu tutaupanga pamoja nanyi. Nani hapa amewahi kumwona nguva, na alimwonea wapi?"

Kimya. Watu wazima, wavuvi wa tangu na tangu, wakawa wanatazama vidole vya miguu yao. Wayua akauliza tena. Kimya kile kile. Mwisho akasema watakutana tena Ijumaa, na baraza likavunjika.

Sasa Seifu haelewi. Kama watapanga pamoja, mbona rangi imeshapakwa? Na kama rangi imeshapakwa, mbona wanaulizwa? Ukisema umemwona nguva, labda utaambiwa umemuua. Ukinyamaza, bahari inafungwa, na watoto watakula mchanga. Ashike lipi, aache lipi?

Tena lilikuwepo jambo jingine ambalo hakumwambia mtu ila mkewe. Ramadhani iliyopita, nguva alinasa katika jarife lake, akakosa pumzi, akafa. Seifu alikata nyuzi akamwacha azame. Hakuogopa serikali. Aliogopa kiapo.

Kiapo hicho ni cha kale. Nguva jike ana maziwa kifuani mfano wa mwanamke. Basi wazee wa zamani waliweka sharti. Mvuvi akileta nguva, kabla ya nyama kuguswa, atashika msahafu mbele ya watu na kuapa kwamba hakumwingilia mnyama yule. Marehemu baba yake Seifu alipata kuapa, na aliapa kweli. Lakini watu hawana dogo. Toka siku hiyo mpaka anazikwa walimwita Bwana Harusi. Seifu alikua akiitwa mtoto wa Bwana Harusi, akapigana na wenzake kwa ajili ya jina hilo mara zisizo na idadi. Liliuma. Hakutaka jina hilo limfuate Muhsina.

Siku ya pili yake maji ya bahari yalitoka sana mpaka miamba ikawa wazi, na wanawake wakashuka kutafuta pweza. Wayua akaomba kufuatana nao. Waliporudi alikuwa amelowa mpaka kiunoni, amepoteza ndara moja, na Mwanafatuma akamkalisha kwenye mkeka na kumpa chai. Seifu alikuwa pale pale barazani na wavu wake, anajifanya hasikii.

Mwanafatuma hakuzunguka. "Mwanangu, unatuuliza na huku umeshachora. Tukushike wapi?"

Wayua akaweka kikombe chini. "Mama, ile ramani tuliichora ofisini kwa kukisia. Pale tusipopajua, tulipaka nyekundu. Lakini nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Bahari hii mnalala nayo nyinyi. Mna haki ya kuulizwa kabla ya jambo kuamuliwa. Mna haki ya kukaa kwenye kamati, na ya kukataa kilichoandikwa vibaya. Tukipanga bila nyinyi, mtaumia nyinyi, na nguva naye atakufa vile vile."

Akamsimulia habari ya kwao. Watu wa mradi mmoja walikuja kupanga mambo ya ndovu bila kumwuliza mkulima yeyote. Wakachimba mtaro mahali ambapo ndovu hawapiti. Wakulima walipoteza ardhi, na ndovu wakaendelea kula mahindi. Tangu hapo, akasema, yeye huuliza kwanza.

Mwanafatuma akafikiri kidogo. Kisha akasema kwamba maji yakitoka, wao wanawake huziona njia za nguva. Ni mistari mitupu ndani ya nyasi za baharini, pale alipopita akila. Njia nyingi zaidi ziko Fungu la Mramba, kule kusini. Mbele ya Jego hakuna hata moja, maana hakuna nyasi. Wayua akashangaa kwa nini hakulisema hilo barazani. Mwanafatuma akamjibu kwamba barazani wanawake walikaa nyuma, na swali halikufika nyuma.

"Na wanaume?" Wayua akauliza. "Wao walikaa mbele. Mbona walinyamaza?"

Mwanafatuma alimtupia mumewe jicho. Halafu akamweleza mgeni habari ya kiapo, bila kutaja jina la mtu. Seifu akauinamia wavu wake. Akangoja msichana acheke, lakini Wayua hakucheka.

"Hilo siwezi kulitengua mimi," akasema. "Lina wenyewe."

Seifu akaona amezidi kuchanganyikiwa. Afisa amekiri kuna jambo asiloliweza, basi nani ataliweza? Alizunguka uani, akakaa, akainuka. Jioni akaenda kwa Abdulrahman, ndugu wa baba yake. Huyo ndiye mwenye kuapisha.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Mbona unahema?"

Seifu akaeleza yote, hata habari ya nguva wa Ramadhani. Ami yake alisikiliza huku akivuta tasbihi. Mwisho akasema kiapo hakifutwi kwa sababu mgeni amekuja na ramani. Wazee walikiweka, nacho kitakaa. Kichwa kilikuwa kimemzunguka Seifu mpaka neno likamtoka lenyewe.

"Basi tuapishe sote, ami. Aliyemwona na asiyemwona. Tuape mara moja, tumalize."

Abdulrahman akaanza kucheka, akacheka mpaka akashikwa na kikohozi. "Ewe mtoto," akasema, "baba yako angekuwa hai angekubusu."

Ijumaa baada ya swala, wavuvi wote wa Jego walisimama uani pa msikiti. Abdulrahman aliapa wa kwanza, na wengine wakafuata kwa sauti moja. Mzee Shutu, ambaye hajapanda chombo tangu meno yake yang'oke, naye aliapa kwa nguvu zote. Sasa nani angemwita mwenzake Bwana Harusi, na wote ni bwana harusi?

Kutoka hapo wakaenda shuleni. Safari hii Wayua aliomba wanawake wakae mbele pamoja na wanaume. Akauliza swali lile lile, na ndimi zikafunguka. Huyu alimwona huku, yule wake alinasa kule, mwingine alimzika usiku bila kumwambia hata mkewe. Seifu akaduwaa. Kumbe miaka yote kila mtu alikuwa na nguva wake moyoni!

Kisha Wayua akauliza ni wapi wanapoonekana zaidi. Wanawake wakasema Fungu la Mramba. Wanaume wakanyamaza tena, wakamtazama Seifu. Wote walijua kwamba pale ndipo anapotega jarife lake, na ndipo anapopatia riziki yake. Hakuna aliyetaka kumfungia mlango mwenzake.

Seifu akasimama.

"Ni kweli, ni pale," akasema. "Ramadhani iliyopita nguva alifia pale, ndani ya wavu wangu. Pakeni nyekundu."

Wayua akaifuta nyekundu ya mbele ya Jego na kuipaka kwenye Fungu la Mramba. Yeye alitaka na mkondo wa kaskazini ufungwe. Watu wakakataa, wakamweleza kwamba pale nguva hupita tu. Wakabishana mpaka wakaafikiana: mkondo ubaki wazi, lakini jarife lisiachwe humo bila mwenyewe kuwepo, ili nguva akinasa afunguliwe upesi. Ikaundwa kamati ya wavuvi na wanawake wa pweza, Mwanafatuma akiwamo. Ikaandikwa kwamba mpango hautabadilishwa bila wao kukaa na kukubali.

Si kwamba mambo yalikuwa mepesi. Miezi ya kwanza Seifu alijuta waziwazi, na muhogo mkavu ulikuwa mwingi nyumbani. Wenzake wakamfundisha kutega madema, ile mitego ya kufumwa kwa fito, mbele ya kijiji. Pole pole samaki kama tafi na changu wakaanza kuingia. Fedha yake haikufika ile ya papa, lakini ilikuwa ya kila siku.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja, Seifu alikuwa akipita kando ya Fungu la Mramba kwa mtumbwi. Maji yakafunguka karibu yake. Pua kubwa ikatokea, ikavuta pumzi kwa kishindo. Ubavuni ikatokea nyingine ndogo. Seifu akaacha kupiga kasia. Umri wake wote wa uvuvi, nguva wote aliowaona walikuwa wamekufa. Hakujua kwamba wakipumua husikika.

Alipofika bandarini alimwambia kila aliyemkuta, hata wale ambao hawakumwuliza.