Mshipi Alioushona Fundi

Ndugu zangu, akina baba na akina mama, na hasa nyinyi mnaocheka miili ya watu halafu mnasema "ni utani tu," kaeni kidogo mnisikilize. Haya yalitokea kwenye nyumba moja yenye cherehani sebuleni. Ingeweza kuwa yenu.

Nyumba hiyo ilikuwa na amani yake. Asubuhi mlango wa mbele unafunguliwa, cherehani inasogezwa karibu na mwanga, redio inaongea kwa sauti ya chini, na huku nyuma mama wa nyumba anapanga vikombe vya chai. Fundi, baba wa nyumba hiyo, alikuwa anaingia mwaka wa ishirini akishona hapo. Watu walimjua kwa mambo mawili. La kwanza ni mkono wake wa kulia, maana alikata kitambaa bila kuchora chaki, mkasi unakwenda kama wenyewe unajua njia. La pili ni jinsi alivyowapima wanaume.

Wanaume, jamani, wana kijisiri chao. Ukimzungushia futi kiunoni, anavuta tumbo ndani. Hata yule ambaye hana tumbo anavuta. Na yule mwembamba, ukifika kifuani, anajitanua mpaka mshipa wa shingo unasimama. Fundi aliwaona wote.

"Pumua, kaka," angesema, futi mkononi.

"Si napumua hivi?"

"Hupumui, unashikilia. Suruali hii utaivaa ukiwa umekaa, umeshiba, unacheka na watoto wako. Pumua."

Mteja anacheka kwa aibu, anaachia, tumbo linarudi kwao. Fundi anaandika namba ya kweli kwenye daftari lake bila kuitamka. Kwa kule kutoitamka tu, watu walivuka mitaa miwili kumfuata yeye.

Lakini yeye mwenyewe hakuwa na wa kumwambia "pumua".

Miaka ishirini ya kukaa kwenye kiti kimoja ilikuwa imempa tumbo. Si la kutisha. Tumbo la mtu anayefanya kazi ameketi. Hakulifikiria sana mpaka siku familia ya mkewe ilipokusanyika wakapiga picha ya pamoja. Jioni yake, shemeji yake, kaka wa mkewe, mwenye bucha kwenye mtaa huohuo na ambaye kila mtu alimwita Kilo, aliirusha ile picha kwenye kundi la familia kwenye simu. Alikuwa amechora duara jekundu kuzunguka tumbo la Fundi, na chini ameandika: "Jamani, shemeji yetu anajifungua lini?"

Watu arobaini na mmoja walicheka. Fundi aliwahesabu. Wapo walioandika jina la mtoto. Na yeye, ili asionekane ana kinyongo, akaandika: "Mapacha!" Wakacheka tena zaidi.

Aliweka simu kifudifudi mezani. Mkewe akamletea chakula.

"Mbona huli, Baba watoto?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini na hujagusa kitu?"

Angemjibu nini? Kwamba ameumizwa na mstari mwekundu? Mwanaume mzima, mwenye ndevu, aseme roho inamuuma kwa sababu ya picha?

Basi utani ukapata miguu. Wateja wakaingia nao. "Fundi, hiyo ni ya miezi mingapi?" "Fundi, usiegemee cherehani, utamkandamiza mtoto." Kilo ndiye aliyekuwa kinara. Hapiti pale mlangoni bila kuuliza kama chupa ya uzazi imepasuka, na sauti yake inafika mpaka ng'ambo ya barabara. Hata mkewe, na hakuwa na nia mbaya, siku moja wageni wamejaa alilipigapiga lile tumbo na kusema kwa majivuno, "Hii ni kazi ya mikono yangu, msione hivi." Wageni wakavunjika mbavu. Fundi naye akacheka, kicheko cha meno tu.

Hebu niulize. Angekuwa ni mama amechorewa duara vile, si mngesema huyo kaka hana adabu? Mbona kwa baba mnaona ni burudani?

Sasa sikieni alichofanya. Mtu mwingine labda angeanza kutembea asubuhi, au angemwambia mkewe. Lakini huyu alikuwa fundi, na fundi akiona kitu kimezidi anafikiria kukipunguza kwa sindano. Alichukua kipande cha turubai kilichobaki kwenye kazi ya viti vya gari. Akakitia lastiki pana. Akavunja mwavuli wa zamani, akatoa vyuma vyake vinane, akavishonea ndani vikae wima ili tumbo lisipate pa kutokea. Mbele akatoboa matundu, akapitisha kamba za buti. Na kwenye daftari lake, ukurasa ambao hauna jina, akaandika kiuno chake pungufu kwa inchi nne.

Mtu aliyewakatalia wateja wote namba ya uongo, akajiandikia mwenyewe.

Siku ya kwanza kuuvaa mshipi ule, shati lilimkaa kama la kijana. Watu wakashangaa. "Fundi, umependeza! Siri ni nini?" "Mazoezi kidogo," akajibu. Ile sifa ndiyo iliyommaliza, kwa sababu ukishasifiwa kwa uongo, kesho utauvuaje? Wiki iliyofuata akavuta kamba tundu moja zaidi. Na ili kamba zifike, akaacha kula. Mkewe akimwekea chakula anasema kuna mteja amemletea kitu. Mteja akimkaribisha anasema ametoka kula ndani.

Akawa hawezi kuinama. Mkasi ukianguka anaita mtu amwokotee. Binti yake mdogo, aliyezoea kumrukia na kukaa mapajani wakati anatia vifungo, alimrukia siku moja akarudi nyuma akilia: "Baba una kitu kigumu!" Fundi akamfokea. Hakuwahi kumfokea yule mtoto. Mtoto hakurudi tena kwenye vifungo.

Na chumbani mambo yakaharibika. Akawa anabadilisha nguo bafuni, komeo limefungwa. Mkewe alivumilia wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu akashindwa.

"Niambie tu ukweli. Ni nani?"

"Nani nini?"

"Umepungua, umependeza, huli chakula changu, unavaa umejifungia. Mimi si mtoto. Ni nani huyo?"

"Hakuna mtu, Mama watoto. Niache."

"Basi fungua shati nikuone."

"Nimesema niache!"

Akapiga ngumi mezani, vikombe vikaruka. Mkewe alimtazama kama anamtazama mpangaji. Tangu siku ile wakawa wanaongea kupitia watoto. "Mwambie baba yako chai tayari." "Mwambie mama yako nimesikia."

Angeweza kuyamaliza yale yote kwa kufungua vifungo vitatu. Hakuweza. Alijikaza kisabuni, na kweli alikuwa amekazwa.

Ikafika ile wiki ya sare, shule zinakaribia kufunguliwa, watu wamejaa mpaka kizingitini. Ilikuwa mchana, jua limepiga bati, na Fundi amesimama kwenye meza ya kunyoosha akipiga pasi marinda ya sketi. Tangu jana yake hakuwa ametia kitu tumboni zaidi ya chai ya rangi. Kilo alikuwepo, amekuja na aproni yake ya kazi kufuata kaptula za wanawe.

"Shem, fanya haraka basi, au uchungu umeanza?"

Watu wakacheka. Fundi akafungua mdomo ajibu utani, pumzi haikutosha. Akaona wale watu wanakuwa wadogo, wanakwenda mbali. Akaanguka kifua juu ya meza, na mkono wake wa kulia ukaingia chini ya pasi.

Waliokuwepo walisikia harufu kabla hawajaelewa. Kilo ndiye aliyeruka akaitupa ile pasi. Wakamlaza chini, mtu akasema mpeni hewa, Kilo akalipasua lile shati kwa mikono miwili.

Kila mtu aliuona. Turubai, vyuma, kamba za buti zimekazwa mpaka nyama imevimba juu na chini. Hakuna aliyecheka, na hapo walikuwepo watu wa kucheka kila kitu. Kilo akachukua mkasi wa Fundi mwenyewe, akakata kamba moja moja. Ya mwisho ilipoachia, Fundi alivuta pumzi ndefu yenye sauti, ambayo mkewe aliisikia mpaka nyuma ya nyumba, akaja mbio.

Kwenye zahanati, nesi alimfunga mkono, akamwekea maji, akaangalia ile mistari minane ya bluu kwenye mbavu.

"Nani amekufanyia hivi?"

"Nimejishonea."

Nesi akagusa ile bandeji. "Mkono huu utachelewa kupona. Na vidole hivi viwili sikuahidi kitu, vinaweza kukataa kukunja." Kisha akamwambia jambo ambalo hakuwahi kuambiwa: kwamba tumbo lake lilikuwa la kutembea nusu saa kila siku na kupunguza sukari kwenye chai. Basi. Halikuwa la kufungwa vyuma.

Mkewe alikaa pembeni ya kitanda.

"Mimi nilidhani una mwanamke."

"Mwanamke ningemficha kwa urahisi zaidi."

Alicheka huku analia. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Na wewe ulilipigapiga mbele za watu."

Mkewe alishika ule mkono mzima. "Nilipiga kwa sababu nalipenda. Lakini sikukuuliza kama unaumia. Nisamehe, Baba watoto."

Siku ya tano, Fundi akiwa nyumbani, Kilo alikuja. Hakupiga kelele kutoka barabarani. Aliingia, akafunga mlango nyuma yake. Fundi akajiandaa kwa utani.

"Shem," Kilo akanong'ona, "ule mshipi uliushonaje?"

"Umekuja kunicheka mpaka leo?"

Kilo akainua aproni, akainua fulana. Tumbo lote lilikuwa limezungushwa nailoni ya kufungia nyama, duru kwa duru, ngozi chini yake imeota vipele vyekundu.

"Mwaka wa pili huu," akasema. "Kila asubuhi kabla sijafungua bucha. Inaniwasha mpaka nataka kulia."

Fundi akaitazama ile nailoni.

"Halafu ukanichora mimi."

"Nilikuwa nimesimama pembeni yako kwenye ile picha. Nikajiona. Nikasema wakianza kumcheka shemeji, hakuna atakayenitazama mimi."

Hapa mngependa niwaambie walikumbatiana. Hapana. Fundi aliinuka, akamwonyesha ule mkono uliofungwa. "Kwa hiyo ulinitanguliza mimi nipigwe mawe, wewe ukae nyuma yangu? Unaona hivi vidole? Hivi ndivyo vinavyomlisha dada yako!"

"Nimeifuta picha, shem."

"Umeifuta kwenye simu za watu arobaini na mmoja?"

Kilo akainamisha kichwa. Mwishowe Fundi akamwambia, bado ana hasira, "Toa hiyo nailoni kabla haijakuozesha. Sikushonei chochote." Akampa wembe wa kufumulia nyuzi akaikate mwenyewe bafuni.

Bandeji ilitoka mwezi wa pili tangu aungue. Vidole viwili vilikataa kukunja, kama nesi alivyosema. Mkasi mkubwa haumkai tena mkononi. Siku hizi mkewe ndiye anayekata, kwa chaki, polepole, na Fundi anasimama pembeni akimwelekeza, na wateja wa mbali wengine wamehama. Uzuri ni kwamba yule binti amerudi kwenye vifungo.

Suruali zake za zamani zote alikuwa amezipunguza kwa ajili ya mshipi, hivyo alihitaji mpya. Mkewe akachukua futi, akamzungushia kiunoni. Kwa mazoea, Fundi akavuta tumbo.

Mkewe hakusoma namba. Akangoja, futi mkononi.

"Pumua, Baba watoto."

Akaachia. Tumbo likarudi kwao. Mkewe akaandika ile namba kwenye daftari, ukurasa wenye jina lake, bila kuitamka.

FUNZO

Ndugu zangu, mwanaume naye ana mwili, na ana macho ya kuuona. Mnapomwita mjamzito, au mnapomwita mlingoti wa bendera kwa sababu ni mwembamba, anacheka nanyi kwa kuwa hamkumwachia njia nyingine. Msichukue kile kicheko kama ruhusa.

Nanyi akina baba, mkiumia semeni. Mwambieni hata mtu mmoja, hata kwa mkato. Kama mwili unahitaji kupungua au kuongezeka, nendeni kwa wanaojua, mfanye mchana kweupe. Mkiificha aibu chini ya shati haitaisha, itawakaza tu mpaka mkose pumzi, na watoto wenu watakuwa wa kwanza kuigusa na kushtuka.

Na wewe unayechora duara kwenye picha ya mwenzako: tunajua unaficha nini chini ya fulana yako. Acha. Kidole cha mtu hakirudi kukunja kwa sababu umesema ulikuwa unatania.