Maji ya Kona ya Chemchemi

Pikapu ya Twaha ilipanda kutoka kona ya chemchemi mpaka Mlola, na mshale wa joto haukunyanyuka hata unywele.

Sasa, ile pikapu watu wanaijua. Imebeba kabichi kuliko malori yote ya milima hii ukiyajumlisha, na Twaha hajawahi kuipeleka kwa fundi. Injini anaifumua kwa kunusa tu. Lakini gari likipanda huku lazima lichemshe, hilo hata kuku wanajua. Siku hiyo lilichemsha kweli kabla ya kufika kona, rejeta ikakauka kabisa. Likapoa, akashuka na dumu la lita tano kuchota pale kwenye kona. Kila dereva akifika pale huanza, "Hodi wenyewe, naazima," na akirudi hurudisha kidogo. Twaha alicheka.

"Mvua nayo huwa naipigia nani hodi?"

Akachota. Mkewe, Hawa, aliyekuwa naye garini, akapiga mafunda mawili kwenye dumu, yaliyobaki yakaingia kwenye rejeta, mfuniko ukafungwa.

Asubuhi yake Twaha akafungua boneti uani. Hozi nzima. Thamostati, kile kidude kinachopitisha maji injini ikipata moto, akaichomoa, akaitumbukiza kwenye maji ya moto, ikafunguka vizuri. Akairudisha, akawasha, akaliacha gari lingurume saa nzima. Akaweka kiganja juu ya injini. Baridi, kama jiwe la mtoni. Na kulikuwa na harufu ya majani mabichi yaliyooza.

Akazima, akatega sikio. Ndani ya rejeta kitu kilimeza. Kikanyamaza. Kikameza tena.

"Mama Salama, njoo usikie."

Hawa akatoka jikoni na sufuria ya maharage inatokota, kaishika kwa mikono mitupu.

"Kitambaa kiko wapi?"

"Haichomi," alisema. "Nisikie nini?"

Twaha akaitazama ile mikono, akarudi kwenye spana zake. Siku tatu alifungua na kufunga, na siku tatu Hawa alikaa karibu na moto akisema hasikii joto, wala baridi, wala njaa, wala chochote. Alisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Siku ya nne Twaha akameza majivuno yake, majivuno ya kujaza fuso mbili, akaenda kwa mzee Nassoro, mganga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umechota bila hodi."

"Nani kakwambia?"

"Unanuka chemchemi. Yafungulie yote, kwenye dumu lilelile, tuyarudishe."

Twaha akalegeza nati ya chini ya rejeta. Rejeta ya kutu ya miaka ishirini ikatoa maji meupe kama ya mvua. Akajaza mengine ya bombani, wakashuka na pikapu wote watatu, Hawa katikati. Ukungu wa mchana ulikuwa umekaba barabara mpaka taa hazioni mbele. Pale kwenye kona Twaha akapiga hodi kwa sauti ambayo hata mamaye hajawahi kuisikia, ndogo, ya mtoto aliyevunja chungu, akamwaga, na maji yakaingia ardhini bila kuacha tope, na msitu mzima, ndege, nyani, mpaka upepo wenyewe, ukanyamaza ukisubiri, kama vile malipo hayajatimia.

Wakarudi garini, akawasha. Mshale ukapanda. Injini ikatoa joto tamu.

"Si nilikwambia? Gari langu..."

"Lilikuwa limejaa, hilo dumu?" aliuliza Nassoro.

"Pungufu kidogo. Yamekauka njiani."

"Haya hayakauki. Nani alikunywa?"

"Mimi," alisema Hawa. "Mafunda mawili. Mbona mnanitazama?"

Kioo upande wa mzee kilikuwa na mvuke wa pumzi. Upande wa Twaha vilevile. Mbele ya Hawa kilikuwa kikavu, kinang'aa.

"Mzee, fanya kitu."

Nassoro akakigusa kile kioo kikavu kwa kidole.

"Rejeta ina nati ya kufungulia," alisema taratibu. "Huyu hana."

Siku hizi pikapu inachemsha kila kona, kama magari ya wenzake. Twaha husimama, hupiga hodi, hurudisha dumu zima. Halafu hupanda, huweka kiganja kwenye paji la uso wa mkewe, na kungoja. Hawa hutazama mbele tu.

"Joto limepanda, Baba Salama?"

"Bado."

Na ndani ya kifua cha Hawa kitu humeza.