Boksi Lenye Jina la Sakarbai

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Ilikuwa alfajiri ya baridi, giza bado limeshika madirisha. Wajiha alisikiliza akiwa kitandani, akatabasamu. Mama mkwe wake, Sakarbai, alikuwa akisukuma maboksi kwa mguu sebuleni, apate nafasi ya kutandika mswala.

Maboksi hayakuwa yao. Katika jengo lao la Malton, Kanada, karibu na uwanja wa ndege, watu wengi hufanya kazi za zamu. Hata Ridha, mumewe Wajiha, alikwisha kwenda kupakia mizigo ya ndege. Kifurushi kikiletwa mchana, hakuna wa kukipokea. Sakarbai yeye yupo nyumbani, basi majirani humwachia vyao. Wakampa jina: Bibi Posta.

"Ma, nyumba imekuwa ghala," Wajiha alisema akiwasha taa.

"Ghala gani lina chai ya tangawizi? Chemsha maji, mwanangu, acha uchokozi."

Wajiha akainama kusogeza boksi moja zito. Jicho lake likatua kwenye jina la mpokeaji. Sakarbai.

"Ma, umeagiza nini?"

"Mimi? Hata soksi siagizi. Hilo la Aleem."

"Aleem yupi?"

"Kijana mmoja, tulikutana kwenye duka la nyama. Alinibebea mfuko mpaka kituoni. Mtoto ana adabu! Kwake vitu huibwa mlangoni, ndiyo maana anaandika jina langu. Atalifuata leo baada ya adhuhuri."

"Anakaa wapi?"

"Sikumuuliza," Sakarbai alikiri.

"Na ndani mna nini?"

"Amana haifunguliwi, Wajiha! Tangu Tanga mpaka hapa, sijapekua mzigo wa mtu."

Wajiha akaondoa mkono kwenye boksi. Katika darasa lake la jioni, mwalimu aliwahi kuwaeleza jinsi magenge ya dawa za kulevya yanavyotumia anwani za watu wasiojua kitu. Alipomweleza hayo, Sakarbai aliusoma uso wa mkwewe. Akaketi.

"Polisi watanichukua?" aliuliza taratibu.

Laiba, binti wa Wajiha na Ridha mwenye miaka saba, alikuwa ametoka chumbani na blanketi lake. Alilisikia swali lile. Akamshika bibi yake nguo, asimwachie.

Wajiha akavuka korido na kumgongea Inara, jirani aliyezaliwa Nairobi, anayefanya kazi kwenye ofisi ya msaada wa sheria. Inara alikuja na kikombe chake mkononi.

"Shikamoo, Ma. Nasikia umefungua posta bila leseni."

"Marahaba. Nicheke au nilie?"

"Ulie kwa nini? Hukujua, hukukosa. Lakini tangu sasa unashuku, kwa hiyo tufanye mambo sawasawa. Boksi tusilifungue. Tusimrudishie Aleem. Tusimpigie simu kumgombeza. Tuwaite polisi, tuwaambie tunachokijua."

"Kumsaliti kijana aliyenibebea mzigo?"

Inara akashusha kikombe. "Ma, amana ina mwenyewe. Huyu amejificha nyuma ya jina lako. Mambo yakiharibika, atakayeulizwa ni wewe."

Sakarbai akalitazama lile boksi. "Naye ana mama yake," alinong'ona.

"Anaye. Pengine naye anatumiwa na wakubwa zaidi. Ndiyo maana hao wakubwa watafutwe."

"Lakini nimwambie nani? Kuna polisi wa hapa, wa nchi nzima, wa mpakani. Nitazungushwa mpaka nife!"

"Swali zuri. Mzigo ukiingia nchini, ni kazi ya maafisa wa mpaka. Ukiuzwa mtaani, ni ya polisi wa hapa. Genge likienea mikoa mingi, polisi wa shirikisho wanaingia. Ofisi hizi zisipozungumza, genge linapita katikati. Ndiyo maana kuna vikosi vya pamoja, na ndiyo maana watu wanadai sheria za kuviunganisha vizuri: nani aongoze, nani ampe nani habari, na mipaka yao ni ipi, wasije wakaonea watu."

Sakarbai akafikiri. "Kama wapishi wa niyazi, kile chakula cha pamoja cha msikitini. Kila mtu akitia chumvi bila kuuliza, sufuria zima linamwagwa."

"Ma, wewe ungefaa bungeni!"

Wanawake wote watatu wakacheka. Kisha Sakarbai akanyoosha mkono. "Leteni simu. Nitasema mwenyewe."

Inara akamtafutia namba ya polisi isiyo ya dharura. "Lakini mtu akikutisha, piga 911 papo hapo. Na ukitaka mkalimani, omba. Ni haki yako."

Kabla ya adhuhuri waliingia maafisa wawili, mwanamke wa polisi wa eneo lile na mwanamume wa mpakani. Walikuja katika gari moja. Sakarbai akawaeleza yote, Laiba amemng'ang'ania.

"Nirudie tena kwa mwenzako?" aliuliza.

"Hapana, mama. Tumesikia sote," yule mwanamke akasema. Wakalichukua boksi, wakamwomba asipokee simu ya Aleem.

Alasiri walipiga simu. Ndani mlikuwa na dawa za kulevya. Aleem alikamatwa nje ya jengo akija kuchukua mzigo. Sakarbai hakuwa na kosa lolote.

Alilia kidogo, akajipangusa kwa pachedi yake, mtandio wa kichwani. Kisha akapita milango ya majirani pamoja na Wajiha, akatangaza masharti ya posta yake mpya: "Nitapokea mzigo wa jirani ninayemjua mlango wake. Na boksi liandikwe jina la mwenyewe, si langu!" Hakuna aliyenuna. Jirani mmoja alimpa sahani ya sambusa.

Jioni Ridha aliingia mbio, viatu vimejaa theluji. Alikuwa ameusoma ujumbe wa mkewe ndani ya basi.

"Ma yuko wapi?" aliuliza akihema.

Laiba husikia Kiswahili chote, ila hujibu kwa Kiingereza kila siku. Leo aliwahi mlangoni kabla ya mama yake, akasema kwa sauti:

"Bibi yuko jikoni."