Dedei na Majiko Madogo ya Mwilini

Kila asubuhi Dedei alipanga samaki kwenye trei, akawasha kuni, akawakausha kwa moshi. Mtaa mzima wa Chorkor ulimjua kwa kazi hiyo. Lakini wiki hii hata ukuni mmoja ulimlemea. Alikuwa na saratani ya titi, na Alhamisi alitakiwa aanze dawa ya dripu.

"Kula basi, mama Naadu," mumewe Ayikwei alisema, akimsogezea kenke, donge la unga wa mahindi, na samaki.

"Sili. Nimeshasema."

Ayikwei alichoka kubembeleza. Akaenda kumwita jirani yao Akweley, muuguzi wa saratani.

"Maskini! Umejifanyia nini wewe?" Akweley aliuliza. Dedei alikuwa amekwisha kabisa.

"Si wewe ulinifundisha? Ulisema kila seli ina majiko madogo. Mito... mito nini?"

"Mitokondria."

"Hayo hayo. Seli ya saratani inapata humo nguvu ya kusafiri, inatoka titini, inahamia mapafuni. Basi nimeyanyima kuni. Wiki ya pili sasa."

Akweley alijilaumu. Alikuwa ameeleza nusu. Akamshika mkono, akamsogeza kwenye jiko lake la samaki. Juu ya moto trei tano zilikuwa zimepandana.

"Trei moja ikiwa na samaki wabaya, utazima moto?"

"Nizime? Si wataharibika wote?"



"Moyo wako una majiko hayo. Misuli pia," Akweley alisema taratibu. "Ukijinyima chakula, unajimaliza wewe. Saratani haina aibu, itakula hata misuli yako. Wataalamu bado wanatafuta namna ya kuzima majiko yake peke yake. Dawa tuliyo nayo ni hiyo dripu, na mwili dhaifu hauiwezi."

"Kwa hiyo hawatanipa?" Machozi yalimtoka. "Naadu ana miaka minne tu, Akweley."

"Watakupa. Kula kidogo kidogo, mara nyingi. Uji, mayai, maharage, samaki. Na ukisikia jambo, niulize kabla hujalifanya."

Alhamisi daktari alimpima, akamkuta bado dhaifu, akaahirisha dripu kwa wiki mbili. Dedei alilia njia nzima. Alipofika nyumbani alinawa mikono, akavuta sahani.

Wiki mbili zilipokwisha, uzito ulikuwa umepanda. Vipimo vilionyesha saratani haijatoka titini. Akweley akatundika dripu.

"Umekula leo?"

"Muulize Ayikwei," Dedei alisema. "Nimemmalizia hata samaki wake."