Nenosiri Lililoachwa Wazi

Kila Jumamosi Flaviana alikuwa wa kwanza kufika kwenye klabu ya kompyuta ya mtaa wa Hjulsta. Skrini zote za chumba kile ziliunganishwa na kompyuta moja kubwa, na kila mtoto aliingia kwa jina lake. Flaviana ndiye aliyehifadhi filamu ambayo yeye na rafiki yake Nabukenya walikuwa wakiitengeneza tangu theluji ianze kuanguka.

Mwalimu Gervas alikwisha mwonya: "Unapohifadhi filamu, andika amri peke yake. Kompyuta itakuuliza nenosiri, ndipo uliandike."

Lakini Flaviana na haraka zake! Alilibandika nenosiri mle mle ndani ya amri, kisha akaenda kupiga soga huku filamu ikinakiliwa polepole.

Jumamosi moja alifungua folda ya filamu akaikuta tupu. Maonyesho ya filamu za klabu yalikuwa kesho yake. Damu ikamchemka, maana nenosiri lile alikuwa amemwambia mtu mmoja tu.

"Ni wewe!" alimfokea Nabukenya, aliyekuwa ndiyo kwanza anavua koti.

"Mimi? Nimefanya nini sasa?"

Jibu lilikuwa ngumi ya mdomo. Nabukenya naye hakukubali kuonewa. Alimkamata Flaviana nywele, wakaanguka pamoja juu ya meza. Kiti kikaruka, skrini ikapasuka. Walipigana mateke, wakang'atana, wakaviringishana sakafuni huku wenzao wakipiga kelele, "Sluta! Acheni!" Flaviana akampanda juu, akamshindilia ngumi mpaka Mwalimu Gervas alipomnyanyua mzimamzima. Nabukenya alitema damu kiganjani, na ndani ya damu mlikuwa na jino.

"Haki ya Mungu, si mimi," alisema akilia.

Mwalimu alimpa barafu, akampigia mama yake simu, kisha akamketisha Flaviana mbele ya skrini nyingine.

"Hifadhi chochote, kama unavyofanya siku zote."

Flaviana aliandika amri. Mwalimu alikwenda kwenye skrini ya Axel, mmoja wa wenzao klabuni, akafungua orodha ya programu zinazofanya kazi.

"Njoo usome."

Amri ya Flaviana ilikuwa pale, nzima, pamoja na nenosiri lake.

Axel aliinamisha kichwa. "Nililiona hapo wiki iliyopita, nikaifuta filamu. Mlinikatalia kuigiza."

"Mimi na wewe tutaongea na wazazi wako leo," Mwalimu alimwambia. Kisha akamgeukia Flaviana. "Ukiweka nenosiri ndani ya amri, umewaonyesha wote wanaotumia kompyuta hii. Tena hubaki kwenye kumbukumbu ya amri ulizoandika. Subiri uulizwe. Na mwenzako naye, muulize kabla hujainua mkono. Filamu nina nakala yake, nitairudisha sasa hivi. Jino siwezi."

Flaviana aliomba msamaha akilia. Nabukenya alimgeuzia mgongo, akamfuata mama yake mlangoni.

Kesho yake filamu ilionyeshwa. Kwenye picha ukutani Nabukenya alicheka, meno yote nje, na ukumbi mzima ukacheka naye. Flaviana alifumba macho.