Kipimo cha Mwanasesere

Gauni lilikuwa limempwaya mwanasesere. Fundi alilitazama mara ya kwanza akadhani ni macho yake tu, maana alikuwa ameshinda kwenye cherehani tangu asubuhi. Akalitazama tena. Jana tu alikuwa amemshonea kwa mkono, likamkaa kiunoni bila hata nafasi ya kupitisha ukucha, na leo lilikuwa limemshuka mabegani kama nguo ya kuazima. Sasa plastiki nayo hukonda? Fundi akacheka peke yake, akachukua sindano, akalibana ubavuni, akamrudisha mwanasesere dirishani.

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi. Mafundi wengine walibandika picha za mitindo ukutani. Yeye kila mtindo mpya aliushona kwanza kwa vipande vilivyobaki, akamvisha mwanasesere, akamsimamisha dirishani wapita njia wamwone. Alikuwa amemkuta ndani ya robota la mitumba, kasokomezwa kwenye mkono wa koti: miguu mirefu, nyayo zilizosimama kwa vidole, kiuno cha nyigu, na mdomo mwekundu wa kuchorwa, umefungwa kabisa. Wateja walimpenda. Lile gauni la samawati, lililobana kiunoni na kumwagika chini, liliwatia wazimu akina mama wa mtaa mzima, kwa kuwa sherehe ya shule ilikuwa inakaribia, na kila mmoja alikuja na neno lilelile: mwanangu mshonee kama la yule. Fundi alikata yote kwa kufuata kipimo cha mwanasesere, akikikuza kwa rula na chaki.

Alikuwa na binti mmoja, na mtaa mzima ulimwita Kibonge. Jina hilo alimpa mama yake mwenyewe, kwa mapenzi, ila mapenzi ya fundi yalikuwa na pini ndani yake. Mteja akiingia, fundi humvuta binti yake shavu. "Huyu ndiye anayenimalizia vitambaa," husema. "Gauni lake moja, ya wenzake mawili!" Wateja hucheka. Kibonge naye hucheka, maana mtoto wa darasa la tatu afanye nini tena mbele ya watu wazima wanaomcheka?

Aliyegundua kwanza kwamba mambo si mambo alikuwa Chiriku, binti wa jirani, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

"Mama fundi," alisema siku moja, midomo yake inang'aa mafuta, "Kibonge ananipa chakula chake chote. Kila siku. Mimi nashukuru, tena sana, lakini si atakufa?"

Fundi akamwita binti yake. "Kwa nini huli?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, na sahani umempa mwenzio?"

Kibonge akatupa jicho dirishani, akashusha sauti. "Ananiambia nimeshiba. Yeye hali, mama. Hana hata pa kupitishia chakula. Na watu wote wanampenda."

Mama mwenye akili timamu angeinuka palepale akaitupa ile plastiki jalalani. Fundi hakuinuka. Alimgeuza binti yake upande huu na ule, akamshika kiuno kwa viganja viwili, jicho la kazi likamtangulia jicho la uzazi. "Achana na maneno ya kitoto," akasema. Kisha akaongeza, na hilo ndilo Kibonge alilolibeba: "Lakini umeanza kupendeza."

Tangu hapo mtoto hakuhitaji kushawishiwa na mtu.

Gauni la mwanasesere nalo lilizidi kupwaya. Fundi alikuwa na ugonjwa wake: hawezi kuiona nguo inayopwaya akainyamazia. Hata msibani aliwahi kumbana mtu shati kwa pini. Kwa hiyo kila alipolikuta gauni limelegea alilibana, na kila alipolibana, kesho yake sketi ya shule ya Kibonge ilihitaji kamba. Hakuyaunganisha mambo hayo mawili. Aliibana na sketi.

Kisha harufu ikapotea. Fundi angepika wali na mchuzi, ukanukia hadi uani, lakini akishaipakua sahani ya Kibonge, harufu inakatika hapohapo, na chakula kinabaki pale, kina moshi, kina rangi, ila hakinuki kitu. Dirishani, kwenye nywele za mwanasesere, ndiko wali ulikonukia. Mchana, watoto wakiwa shule na mtaa umetulia, fundi alianza kusikia mtu anatafuna nyuma yake, polepole, kwa adabu, mdomo umefungwa. Akigeuka, kimya. Akirudi kwenye cherehani na kukanyaga pedeli, kutafuna kunaanza tena, kunafuata mwendo wa sindano.

Alimpeleka mtoto hospitali. Wakampima damu, wakampima mkojo, wakampa dawa ya kuongeza hamu ya kula, wakamwambia mama amsimamie. Mtoto aliinywa dawa akaitapika. Kufikia wiki ya sherehe, Kibonge hakwenda tena shule. Alilala kwenye mkeka nyuma ya cherehani, mifupa ya mabega imechomoza, akiyatazama magauni ya samawati yaliyosubiri wenyewe. Hapo ndipo wifi yake fundi, shangazi wa mtoto, alipokuja kusalimia. Alisimama mlangoni, mkoba ukamdondoka.

"Wifi," alisema, "huyu mtoto unamlisha nini, upepo?"

"Nimefika mpaka hospitali, wifi. Hawakuona kitu."

"Na wewe unaona nini?"

 Fundi machozi yalikuwa yanamlengalenga, na mtu akizidiwa mikono yake hurudi kwenye inachokijua. Akamchukua mwanasesere dirishani, maana gauni lilikuwa limelegea tena, akatunga uzi, akachoma sindano ubavuni mwa kile kigauni, akavuta. Na nyuma yake, kwenye mkeka, Kibonge akaguna, na shangazi aliyekuwa amepiga magoti kumfunika akaona, kwa macho yake mawili, mchana kweupe, nyama ya ubavu wa mtoto ikikunjika na kuingia ndani, mstari mwembamba ulionyooka kama mshono, ukipanda kutoka nyongani kwenda kwapani kadiri uzi ulivyokuwa ukivutwa.

"Usivute!" alipiga kelele. "Wifi, usivute huo uzi!"

Fundi akageuka. Akautazama mkono wake, akautazama ubavu wa mwanawe, akauachia uzi. Ni yeye. Siku zote hizo alikuwa ni yeye.

Mganga aliyeletwa na shangazi alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, aliyeingia kwa ubavu kwa sababu ya wembamba wa mlango na hakuona haya kulisema hilo. Alimnusa mwanasesere, akakunja uso.

"Jini la njaa," alisema. "Haliwi kali kwa mtu asiyejichukia. Nipikieni. Chakula kingi, chenye harufu. Nitakula mbele yake mpaka limtamani mwingine, litoke kwa mtoto. Na wewe fundi, nikiwa nakula, fumua kila mshono uliobana kwenye hicho kigauni. Mmoja mmoja, kwa mkono wako. Usitumie wembe, utamkata binti."

"Nikikosea?"

"Usikosee."

Mganga akaketi mbele ya mkeka, sinia mapajani, akaanza kula kwa kelele, huku akisifia. Fundi akafumua mshono wa kwanza. Kibonge akavuta pumzi ndefu. Akafumua wa pili, na mstari mmoja ubavuni mwa mtoto ukafutika. Ndipo Kibonge alipofungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu mzima, nyororo, yenye kuchoka.

"Nani aliyeniita?" iliuliza. "Mimi nilikuwa nimelala kwenye koti. Nani aliyesema mtoto huyu anamaliza vitambaa? Niliambiwa amezidi, nikapunguza. Hata shukrani?"

"Usiisikilize," mganga alisema, mdomo umejaa. "Fumua."

Lakini tonge hilo halikushuka. Mganga akashika koo, macho yakamtoka, akayumba hadi uani akitafuta maji, shangazi akimkimbilia nyuma na kumpiga mgongo. Fundi akabaki peke yake na mwanawe. Chumba kikajaa harufu ya kila chakula alichowahi kumpikia binti huyu, ya maziwa ya kwanza, ya uji wa kuachishwa ziwa, ya mayai ya asubuhi za mitihani, harufu zote kwa pamoja, nzito, za kukaba, na kutoka kwenye mdomo ule mkavu wa mtoto, bila midomo kusogea, sauti ikamnong'oneza taratibu kama mteja anayeomba punguzo.

"Tusichoshane, fundi. Huyu amebaki mifupa, hana faida kwangu. Nakuachia. Niachie na mimi wale uliowashonea kwa kipimo changu. Mama zao wakija, wabanie. Nguo inayopwaya si unaibana? Hiyo ndiyo kazi yako, sikuombi jambo geni. Ila ukifungua mdomo, au ukifumua hata mmoja wao, narudi kwa huyu, na safari hiyo sitapima."

Fundi aliyatazama magauni yaliyoning'inia. Alijua kila moja ni la nani. Alijua nani anapenda peremende, nani ana kigugumizi, nani alizaliwa njiti na mama yake akamlea kifuani miezi mizima. Kwenye mkeka, kifua cha Kibonge kilipanda, kikashuka, kikachelewa kupanda tena.

"Haraka," sauti ikasema.

Fundi akaitikia kwa kichwa: ndiyo.

Mganga aliporudi, uso umelowa maji, Kibonge alikuwa amekaa, anakula tonge kutoka sinia lake kwa mikono miwili, analia huku anatafuna. Shangazi alipiga vigelegele. Mganga alimchoma mwanasesere uani, na plastiki ilipoyeyuka ilinuka plastiki tu. "Nimelikomesha," alijigamba, akilipapasa tumbo lake. "Wengine hubeba hirizi. Mimi nabeba hili."

Fundi alimshukuru hadi njiani. Mapatano yale hakuyataja. Magauni yakachukuliwa, sherehe ikafanyika, na Kibonge akahudhuria kwa nguo yake ya zamani, ameshikwa mkono na shangazi, akala keki mpaka akavimbiwa. Fundi alimtazama akila na moyo wake ukajaa furaha ya kweli kabisa. Hilo lazima lisemwe. Hakuna usiku aliokosa usingizi.

Jirani alikuja wiki iliyofuata, gauni la samawati mkononi, akimkokota Chiriku.

"Fundi, nipunguzie hili kidogo," alisema. "Limempwaya ghafla, na Jumamosi tuna harusi. Lakini mtazame, si kapendeza? Alikuwa ameanza kutanuka huyu, nikaanza kuogopa."

Chiriku alisimama katikati ya chumba. Hakuwa amesema lolote tangu aingie. Alivishwa gauni, na mifupa ya shingo yake ikaonekana juu ya kola. Macho yake yalimtafuta fundi, yakamng'ang'ania, kama anayesubiri mtu mzima mmoja aulize.

Kule ndani Kibonge alikuwa anakunywa uji, anakikwangua kikombe kwa kijiko. Fundi alikisikia kile kijiko. Aliona wazi kabisa maneno anayopaswa kusema: lichome gauni, mkimbize mtoto, mwite mganga. Yalikuwa maneno machache. Mama wa mtoto alikuwa amesimama hapo hapo, hatua chache tu, anatabasamu.

Fundi akachota pini kutoka kwenye kikopo, akazibana zote katikati ya midomo yake, kama mafundi wafanyavyo, na mtu mwenye pini mdomoni hawezi kuongea. Akapiga magoti. Chiriku akainua mikono mwenyewe.

Pini ya kwanza ilipopita, mtoto aliguna.

"Vumilia, mama," jirani alimwambia bintiye, akimpapasa kichwa. "Mwache fundi afanye kazi yake."

Na fundi akafanya kazi yake.